Kuku Mmoja kwa Wanafunzi Wangapi

Nina mgeni ndani, hana mdomo wala meno, lakini ananitafuna nikiwa mzima, na chai nakunywa naye. Nani huyo? Fikiri, usikimbilie. Haya, umeshindwa, nitakuambia wala sikudai mji. Ni wivu. Na aliyeniletea ni mkwe wangu, mama wa mkaza mwanangu.

Mimi nafuga kuku na kuwauza wakiwa wameshanyonyolewa. Mjukuu wangu wa kike, ambaye namwita mke mwenza, amekulia kwenye karai langu. Ana miaka sita alikuwa anatoa nyongo bila kuipasua. Siku moja tulikuta ndani ya mtetea viini vya mayai vimepangana, kikubwa, kidogo, kidogo zaidi, hadi kama punje ya mtama. Nikamwambia, "Hili ndilo shamba la mayai." Akalishika mpaka maji ya kunyonyolea yakapoa. Kwa hiyo alipofaulu na kusema anataka kusomea baiolojia chuo kikuu, sikuuliza kaitoa wapi.

Sasa, mkwe wangu ni muuguzi mstaafu. Alimtumia mtoto kitabu cha picha za rangi, na kila Jumapili wanaonana kwenye simu. Basi siku moja mtoto kaingiza mkono ndani ya kuku wangu, kwenye karai langu, akasema, "Bibi, ovari yake imejaa."

"Nini yake?"

"Ovari. Lile shamba la mayai. Bibi muuguzi ndiye aliyeniambia jina lake."

Yule kuku nilimkata vipande vidogo kuliko mteja alivyoagiza.

Ikaja habari ya vyuo. Viko viwili. Kimoja hapa kwetu, nusu saa kwa basi. Kingine mbali, safari ya kutwa nzima, na kila mtu anasema ndicho kinachoongoza kwa baiolojia. Kiko mtaa wa pili kutoka nyumba ya nani? Hapo sikutegi, umeshajua. Mkwe alikuwa amepaka chumba rangi na pazia amenunua.

"Mke mwenza," nikamuuliza, "ukienda huko utakaa kwa nani?"

Akainamia fomu yake. "Ngoja kwanza nichague chuo, bibi. Mwisho Ijumaa."

Jibu hilo nikalihesabu kuwa ushindi wa mwenzangu.

Jumatano nikavaa viatu vya kutokea, nikapanda basi hadi chuo cha hapa kwetu, nipate cha kukisifia. Maabarani nikamkuta mama mmoja mwenye koti jeupe anaosha vioo. Nikamuuliza swali pekee ninaloliweza: "Hapa kuku mmoja mnawapa wanafunzi wangapi?"

Hakucheka. "Sisi tunapasua panya, mama. Mmoja kwa wanafunzi wanane."

"Anashika kisu nani?"

"Mmoja. Saba wanaangalia."

"Na kule kunakosifiwa?"

"Kule kila mtu na wake, na hadubini yake. Mimi nimesomea kule, najua."

Njia nzima ndani ya basi nikawa nawaona wale saba, wamekunja mikono. Na mtoto wangu tangu azaliwe hajui kuangalia tu.

Nafika nyumbani, mkwe yuko hewani, mtoto kanishikia simu.

"Mkwe, nasikia umekwenda kutukagulia chuo. Umekionaje?"

"Kizuri mno," nikasema. "Panya mmoja wanafunzi wawili." Uongo ukateleza kama utumbo kwenye vidole.

"Wawili si haba," akasema polepole. "Basi na akae karibu na wewe, mkwe. Mimi nitazoea." Nyuma yake pazia lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Afadhali angenitukana.

Alhamisi nilinyonyoa kuku kumi na wawili na sikuimba hata mara moja. Ijumaa asubuhi mtoto akakaa mezani na kalamu, mimi nikabaki kwenye karai.

"Ni wanane," nikasema.

"Nini, bibi?"

"Panya mmoja, wanafunzi wanane. Saba wanaangalia. Nilidanganya kwa sababu ya kijicho, sina sababu nyingine. Nenda kule, ukashike kisu chako."

Akatabasamu, macho hukohuko kwenye karatasi. "Nilijua. Shule ilitupeleka pale mwaka jana. Nilikuwa mstari wa nyuma, hata mkia sikuuona."

"Na ukaniacha nidanganye watu wazima wenzangu?"

"Nilitaka kuona utakaa na uongo huo siku ngapi."

"Mshenzi wewe."

"Mke mwenza wako," akasema.

Akaandika jina la chuo cha mbali, kwa herufi kubwa, kwenye nafasi ya kwanza. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe aende, na roho iliniuma vilevile. Nikamwona ameshafika, amekaa chini ya lile pazia, anatajiwa majina ya vitu nilivyomwonyesha mimi.

"Haya, mpigie bibi yako atandike kitanda," nikasema, nikavuta manyoya mpaka ngozi ikachanika.

"Bibi, unamharibu kuku."

"Kuku ni wangu."

Akafunua ukurasa wa pili wa fomu, akaweka alama kwenye kisanduku kimoja, kisha akaweka kalamu chini.

"Uliniuliza nitakaa kwa nani," akasema. "Bwenini, bibi. Yeye nilimwambia jana, na amenuna kukushinda wewe."