Besi ya Tatu ni ya Nani

Eunice alipoolewa na Masatu pale Mukendo, majirani waliangalia mambo ya kawaida: anaamka saa ngapi, ugali wake unashikana vipi. Miezi minne baadaye ndiyo wakasikia kwamba ni refa wa softiboli, na kwamba chama cha mkoa kimempanga kuchezesha na mwalimu Burito. Mwalimu Burito ndiye baba yake Masatu.

Sasa, kwa kina Burito, baba mkwe na mke wa mtoto wake hawasemeshani, na kubwa zaidi, hawatazamani usoni. Huyu akiingia sebuleni, yule anatoka kwa mlango wa jikoni. Kukiwa na neno, linapitia kwa mtu wa katikati, na mtu huyo alikuwaga Masatu. Nyumba ilikwenda vizuri tu.

Shida ni kwamba softiboli ya marefa wawili haiendi bila kuongea. Besi ni nne, macho ni ya watu wawili. Mmoja anasimama besi ya nyumbani, nyuma ya mdakaji. Mwenzake, refa wa besi, anashika zilizobaki. Mpira ukipigwa wote wanahama, kwa hiyo kabla ya mchezo wanakaa na kugawana: hii yangu, ile yako.

Burito alikuwa na miaka kumi na moja kwenye kazi hiyo. Eunice alikuwa anapimwa. Akifaulu mchezo huu mmoja anapata beji na kwenda kuchezesha mashindano ya kanda, Mwanza. Akifeli, anasubiri mwaka, na mama mkwe wake, Anastazia, alishawaambia akina mama wa kwaya kwamba mwaka ujao anasubiri mjukuu.

Kikao cha kugawana kilifanyika Ijumaa jioni, Burito sebuleni, Eunice jikoni, Masatu akienda na kurudi. Burito, ambaye angesimama nyumbani, alituma kwamba kukiwa na mkimbiaji besi ya kwanza na mpira ukaenda mbali, yeye ataacha nyumbani akimbilie ya tatu. Eunice akatuma jibu: sawa, lakini mpigaji akiwa peke yake, besi nyingine hazina mtu, baba abaki nyumbani, ya tatu aachiwe yeye. Masatu mchezo wake ni bao. Alifika sebuleni akamkuta mzee anasikiliza taarifa ya habari, akafupisha.

"Amekubali. Ya tatu ni yako."

Burito aliona ajabu, maana mkimbiaji wa peke yake kwa kawaida ni wa refa wa besi. Akafikiri binti anaogopa. Angekuwa refa mwingine, angemuuliza.

Jumamosi, Butiama, wasichana wa Musoma walikutana na wa Bunda. Akina mama wa Mwitongo, hapo hapo Butiama, walikuja wengi, na hawakuja kwa ajili ya mpira. Walitaka kuona mkwe na mkwe watafanyaje. Kwa muda mrefu hawakupata kitu. Kila mmoja alishika upande wake, na mpimaji, Hezron, alijaza karatasi yake bila kuinua kichwa.

Raundi ya sita, Bunda wakiongoza kwa moja, Nyangi wa Musoma aliupiga mpira mpaka kwenye mihogo. Besi zilikuwa tupu. Alipita ya kwanza, akapita ya pili, akaikimbilia ya tatu. Eunice alimfuata kwa ndani. Burito naye akachomoka nyumbani. Mpira ulirudi, Boke wa Bunda akaudaka na kumgusa Nyangi kwa glovu huku vumbi limewafunika.

"Seifu," Eunice alisema, mikono ameitanua: mkimbiaji amefika salama.

"Auti," Burito alisema, ngumi juu: ametolewa.

Walikuwa hatua mbili tu, mmoja kutoka kwa mwenzake. Hezron aliacha kuandika. Kocha wa Bunda, Werema, aliketi juu ya ndoo yake akawaambia waliokuwa karibu: "Nyumbani hawaongei. Tuone kama hapa wataongea."

Uamuzi lazima uwe mmoja. Eunice akirudi nyuma, Hezron ataandika kwamba ameikimbia besi yake. Akikaza, amembishia mkwe mbele ya kijiji. Aliangalia pembeni kama kuna mtu wa kupeleka neno. Alikuwepo Boke tu, na Boke alitaka auti.

Akaangalia viatu vya Burito.

"Baba, besi zilikuwa tupu. Mkimbiaji wa peke yake ni wangu. Nilituma hivyo."

Viatu havikusogea.

"Nililetewa kwamba ya tatu yote ni yangu."

"Sikusema hivyo, baba."

Burito aliitazama besi.

"Glovu ilimkuta wapi?"

"Begani. Mguu ulishakanyaga besi."

"Basi uamuzi toa wewe," Burito alisema, akarudi nyumbani kwa mwendo wa kawaida.

Eunice alitanua mikono tena. Werema alimfuata Hezron kulalamika, akaambiwa mkimbiaji yule alikuwa wa refa wa besi. Musoma walisawazisha, kisha wakashinda. Kwenye karatasi Eunice alifaulu. Burito aliandikiwa kwamba aliacha besi ya nyumbani bila mtu, akasoma, akasaini.

Habari ilifika Mukendo kwa simu kabla marefa hawajavua sare. Aliyepiga alianza na seifu na auti, Anastazia akamkatisha. Alitaka kujua kama mkwewe alimtazama mzee usoni.

Hapana, aliambiwa. Viatu tu, mwanzo mpaka mwisho.

"Basi aende Mwanza," alisema.