Firigisi ya Baba Mkwe

Mahindi yalipoanza kukomaa, Agatha alishinda shambani, nje kidogo ya Mikumi, akifukuza tumbili kwa manati. Ndipo akamjua dume mmoja kijana mwenye sikio lililochanika. Wakubwa walimwonea, akisogelea hindi tu, anazabwa kofi. Asubuhi moja wakubwa hao walikuwa wanakula pembezoni mwa shamba, naye akabweka ule mlio tumbili wanaoutoa wakimwona chui. Wote wakaparamia miti. Yeye akabaki chini, akitafuna kwa raha zake. Chui hakuwapo.

Agatha alicheka hadi manati ikamdondoka. Nyumbani akamsimulia mumewe, Bonifas.

"Tumbili adanganye wenzake? Jua limekupiga, mke wangu."

Jumapili wakwe wakaja kutoka Munisagara. Bonifas akachinja jogoo, Agatha akapika, na firigisi ikawekwa, kama desturi, kwenye sahani ya baba mkwe, Mzee Yeremia. Tangu aolewe, Agatha alikuwa ameosha na kukaanga firigisi nyingi. Hakuwahi kuonja hata moja.

Alipomaliza kuwanawisha, aliitazama pale juu ya mchuzi, inang'aa. Uvumilivu ukamwishia.

"Nyoka! Chini ya kiti!"

Mzee Yeremia, ambaye siku zote huinuliwa kwa kushikwa mkono, alikuwa wa kwanza kufika uani. Bonifas alipitia dirishani.

Wakarudi na fimbo, wakapekua kila pembe. Mzee akaketi, akaichungulia sahani yake.

"Bonifas, nyoka wa huku wanakula firigisi?"

"Sijapata kusikia, baba." Bonifas akamgeukia mkewe. Shavu moja lilikuwa limetuna. Firigisi haitafuniki haraka. Akamwelewa papo hapo, akajikohoza. "Labda ni paka, baba."

Mama mkwe, Magdalena, aliinuka. Alimwita Agatha jikoni, akafunga mlango.

"Ilikolea chumvi?"

"Nisamehe, mama..."

"Nimekuuliza chumvi."

"Ilikolea, mama."

Magdalena akashusha pumzi. "Nimezeeka naikaanga, ladha yake siijui. Sasa sikiliza, mwanangu. Siku nyingine kelele nitapiga mimi, mimi wananiamini. Wewe nyakua, tugawane."

Walipokuwa wanaaga, Magdalena alitangaza kwamba watarudi Jumapili ijayo, na jogoo watakuja naye wao wenyewe. Mzee Yeremia alishangaa mkewe amepata wapi ukarimu huo.