Daftari la Neno Moja

Fundi alipopigwa na kiharusi, maneno yote yalimtoka, likabaki moja tu: fiti.

Neno lenyewe alilipenda tangu ujana wake. Lilitoka kwa Wazungu, likapita gereji, likalowa grisi, na tangu hapo hakuna aliyeliuliza kwao ni wapi. Kwa fundi lilifanya kazi zote. Breki zikishika, fiti. Mchuzi ukikolea, fiti. Mteja akileta maneno mengi, fiti, yaani lipa uondoke. Hata yeye na mkewe walipomzika binti yao wa siku tatu, watu wakaja kumshika mkono, aliwajibu fiti, fiti, akaingia chini ya lori la mtu akakaa humo mpaka jioni. Vijana wa gereji walimletea maneno mengine mapya, akayakataa.

"Freshi ni samaki," aliwaambia. "Bomba ni la maji. Na poa ni chai iliyosahauliwa mezani. Gari likipona huwa fiti, basi."

Sasa ulikuwa mwezi wa nane yuko kitandani, mkono na mguu wa kulia havinyanyuki, na mkewe ndiye mkalimani wake. Mtu akija kumjulia hali, fundi alisema neno lake, mkewe akalifungua kama anayefungua barua: anasema karibu; anasema dirisha lifungwe; anasema umenenepa. Watu walishangaa, naye, tuseme ukweli, alifurahia kushangaza watu.

Lakini mama huyu alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho moja lilikwisha kuwa jeupe, la pili lilikuwa njiani. Daktari akampa Jumatatu ya kupasuliwa, na akamwonya kwamba baada ya hapo asiiname wala kunyanyua kitu kwa wiki kadhaa. Mwanawe alikuwa safarini na lori lake, kwa hiyo mkwe wake, aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, akaomba likizo akaja kumuuguza baba mkwe.

Mikono ya mkwe ilikuwa na nguvu, hilo halikumtia mama shaka. Kilichomkosesha raha ni kimoja. Nani atamwelewa mume wake?

Ndipo akanunua daftari. Shule aliiacha darasa la nne, na macho ndiyo hayo, mistari ikapanda na kushuka, lakini aliandika. Fiti fupi kama mtu anayefunga mlango: maji. Fiti mbili mfululizo: choo, usichelewe. Fiti ya kukunja nyusi: kaingia mtu asiyempenda. Fiti ndefu ya kushusha pumzi, macho yamefumbwa, baada ya kulazwa vizuri: asante.

Ijumaa asubuhi mkwe alilisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, hii ya nyusi ni mimi?"

"Siku ile ulikuja na shemeji yako, mume wa dada yako. Ilikuwa yake."

"Nilijua tu. Hata mimi nina fiti yangu kwa yule."

Wakacheka, na yule mama akahisi moyo umetua kidogo. Mkwe akaweka daftari chini, akakunja mikono ya gauni.

"Tubadilishe shuka. Tumgeuze atazame ukutani, nilitoe lote."

"Halali hivyo. Hulala kwa ubavu huu huu, akinitazama. Nisipomwona uso nitajuaje anasema nini?"

"Dakika mbili tu, mama."

Alimgeuza kwa mikono yake ya kunyanyulia mashuka yaliyolowa. Kutoka ukutani ikatoka fiti ndefu, ya kushusha pumzi.

"Anakushukuru," alisema mama kutoka kwenye kigoda chake.

Mkwe alikuwa ameinama juu ya nyonga ya kulia.

"Mama, hapa umepatazama lini?"

"Namwosha kila siku."

"Unamwosha, sawa. Umepatazama?"

Mama akasogea, akalileta karibu lile jicho lililobaki. Kwenye nyonga palikuwa na kidonda, upana wake kama mdomo wa kikombe cha chai, katikati cheusi. Alikigusa pembeni kwa ncha ya kidole. Fundi akafumba macho, akaitoa fiti yake tena. Ndefu. Ile ile.

Kila mchana kwa miezi mama alimlaza juu ya nyonga hiyo, akambana kwa mto asiteleze, akasikia neno hilo, akamjibu, "Asante na wewe, mume wangu." Kisha akakaa kunywa chai yake ameridhika.

"Hukuona, mama," mkwe alisema taratibu. "Kwa macho hayo ungeonaje."

"Uso wake nilikuwa nauona. Ndiyo maana nikamlaza hivyo."

Mchana akaja muuguzi wa zahanati. Alikisafisha kidonda, akasema mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili, na nyonga hiyo asiilalie mpaka kifunge, kama kitafunga. Kisha akamwinamia.

"Mzee, inauma sana?"

"Fiti."

Muuguzi akamgeukia mke, kama watu wote walivyozoea. Yule mama akafungua kinywa. Akakifunga.

Muuguzi alipoondoka, mkwe akachukua kalamu. "Hii ndefu niifute, niandike maumivu?"

"Ifute. Usiandike kitu."

"Na hizi nyingine?"

"Zifute na hizo. Mtazame mwili wake wote, kila siku. Jumatatu nakwenda kwa daktari, ila usiseme kwamba nilikufundisha kumwelewa."

Fundi alikuwa amelazwa kuelekea ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu augue, mkewe alikaa nyuma ya mgongo wake. Haukupita muda, fundi akasema fiti, fupi. Mama akainuka, akashika kikombe cha maji, akapiga hatua moja, akasimama.

Akamwomba mkwe avute kitanda. Akapenya kati ya kitanda na ukuta, akainama mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Sijui umesema nini," alimwambia. "Miezi yote hii nilikuwa sijui."

Fundi alimtazama, midomo ikamcheza, kama mtu anayetafuta spana gizani chini ya gari. Mkewe akangoja, kikombe mkononi. Halikutoka neno, hata lile moja.

Alingoja mpaka magoti yakafa ganzi, na mkwe akaja kumshika mkono amtoe.