Kifuniko Kilichogeuzwa

Verediane alikuwa mwoga, na majirani zake wote pale Rugerero walijua. Aliogopa radi, aliogopa nyaya za umeme, aliogopa samaki mwenye miba mingi. Wingu likitanda juu ya ziwa, alianza kuita watu waingie ndani kabla hata tone halijaanguka. Bintiye Ineza, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa akisema mama yake akikosa cha kuogopa huazima kwa jirani. Watu walicheka, na Verediane mwenyewe alicheka nao, maana aliona ni kweli.

Lakini tangu Ineza anunue pikipiki, woga ule ulipata makao. Kila siku binti alipanda mpaka Kanama, juu milimani, kuchukua jibini kwa wafugaji, akashuka nayo mpaka hoteli za kando ya ziwa. Nyuma ya kiti alikuwa na sanduku kubwa jeusi la plastiki. Bawaba mbili za kifuniko chake zilikuwa upande wa mbele, karibu na mgongo wa dereva. Kitasa kilikuwa nyuma, juu ya taa. Mashimo ya njia za huko juu yaliila bawaba moja mpaka ikakatika, na ya pili ikabaki inaning'inia kama jino la mzee. Ineza akakata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, akalizungushia sanduku mara mbili, akakaza fundo. Mpishi wa hoteli moja akamtania kwamba jibini yake inakuja imefungwa tumbo kama mgonjwa. Utani huo ulimkera.

Verediane naye hakumwacha apumue. Asubuhi bawaba, jioni bawaba. Siku ya kumi Ineza akachoka.

"Mama, nikipeleka sanduku kwa fundi, utanyamaza mpaka lundi? Hata neno moja juu ya pikipiki nisisikie?"

"Mpaka Jumatatu nitanyamaza," alisema Verediane, na wakapeana mikono kama watu wa sokoni waliokubaliana bei.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Asubuhi hiyo kila mtu yuko na jembe au panga, mitaro inazibuliwa, maduka yamefungwa, barabara haina gari. Saa tano ikifika, mambo yote yanafunguka kwa pamoja, na kila mwenye kitu kilichoharibika anakimbilia kwa fundi saa ileile. Kwa Vénuste, fundi wa pikipiki, mama na binti walikuta watu saba mbele yao, matope ya mitaro bado miguuni.

Zamu yao ilipofika, Vénuste alikuwa na haraka. Aling'oa kifuniko akawaonyesha: plastiki ya upande wa mbele ilikuwa imepasuka kwenye matundu, skrubu hazina pa kushika.

"Hapa pamekufa," akasema. "Lakini nyuma iko nguvu. Nageuza: bawaba nyuma, kitasa mbele. Itakaa miaka."

Akatoboa, akafunga bawaba mpya za chuma kwa boliti na nati, akafungua na kufunga kifuniko mara tatu. Hakikulia, hakikucheza. Kazi ilikuwa nzuri, hata Verediane aliona ni nzuri.

Kisha akaona jambo lingine. Alikuwa na kibanda chake cha unga na sabuni kando ya barabara. Mwaka wa kwanza mlango wake ulifungwa bawaba upande usiofaa. Upepo wa ziwa ukija mchana uliingia kwenye ukingo, ukaupiga mlango ukutani, mpaka siku moja ukaung'oa kabisa. Tangu hapo bawaba ziko upande unakotoka upepo, na upepo ukija unaufunga wenyewe. Sasa pikipiki inayokimbia, upepo wake unatoka wapi kama si mbele?

Alifungua mdomo. Ineza akainua kidole, anatabasamu. Vénuste akawaambia waliokuwa kwenye foleni kwamba mama Ineza sasa ataogopa hata bawaba mpya, na foleni yote ikacheka.

Verediane akaufunga mdomo. Ahadi ilikuwapo, na zaidi ya ahadi aliona haya: yeye ndiye aliyelia fundi, fundi, siku kumi. Fundi kamaliza, atasema nini tena? Akajiambia labda kitasa kitashika. Aliuokota ule ukanda wa mpira chini, akamnyooshea binti yake. Ineza akautupa kwenye pipa la Vénuste, akawasha pikipiki, akapanda Kanama.

Kupanda hakukuwa na shida, mwendo ni mdogo. Shida ilikuja wakati wa kushuka. Ineza alikuwa na jibini kumi na mbili, na mteremko ulikuwa mtupu. Aliruka tuta, na kitasa nacho kikaruka. Upepo ukaingia chini ya ukingo wa kifuniko, ukakiinua chote, kikasimama wima nyuma ya mgongo wake. Akahisi kama mtu anamvuta. Aligeuza kichwa atazame, na katika kugeuka huko gurudumu likatoka kwenye lami. Mtaro uliompokea ulikuwa umezibuliwa asubuhi ileile. Ulikuwa safi, na wa kina.

Mkono wa kushoto ulivunjika mahali pawili.

Verediane alimkuta kwenye kituo cha afya, amelala ubavu, mkono umefungwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Niliona," akasema. "Pale kwa Vénuste. Niliona upepo utaingia kwa mbele. Nikanyamaza."

Ineza alimgeuzia uso.

"Mama, mambo yote unasema. Radi unasema, miba ya samaki unasema. Hii moja tu ndiyo ukanyamazia."

Hakusema kwa hasira. Hasira Verediane angeiweza.

Alirudi nyumbani kwa miguu akiwaza. Woga wake alikuwa ameutumia kama chumvi, akitia kila chungu kila siku, mpaka watu wakaacha kusikia ladha yake. Kilipokuja chungu kilichoihitaji, mkono wake mwenyewe ukasita. Mwenye mtoto barabarani na akumbuke hilo: kusema sana kuna hasara yake, lakini kunyamaza kwa kuona haya mbele ya foleni hasara yake ni mfupa.

Jumatatu alimpelekea Vénuste sanduku. Fundi hakujitetea. Alishika kifuniko, akakipunga hewani mbele ya uso wake, upande mmoja, halafu upande mwingine. Akakiweka chini.

"Mi niliangalia matundu, mama," akasema. "Barabara sikuiangalia."

Akakata vipande viwili vya bati nene, akaubana ule upande wa mbele uliopasuka, kimoja ndani, kimoja nje, plastiki katikati, na juu yake akarudisha bawaba mahali pake pa zamani. Ilimchukua mchana wote. Jumamosi hakuna aliyekuwa na mchana mzima wa kungoja.

Miezi mitatu ilipita. Asubuhi ya kurudi barabarani, Ineza alikaa juu ya pikipiki, kofia ngumu kichwani, wala hakuiwasha. Verediane alisimama mlangoni, mikono ndani ya kitenge.

"Sema moja," Ineza akamwambia. "Moja tu, ile ya kweli."

Verediane alizunguka pikipiki polepole. Alitazama wingu juu ya ziwa, akalimeza neno. Akatazama tairi, akameza lingine. Aligusa bawaba, akazipita. Kisha akainama.

"Mukanda wa koti lako," akasema. "Iko karibu na mnyororo."

Ineza akatazama chini. Ulikuwa karibu kweli. Akauchomeka ndani ya suruali, akawasha.