Tekla wa Mama Digna

Hilari alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa picha za watakatifu, zote za wakati wa Mjerumani, zile zenye ukingo uliotobolewa kama lesi na dhahabu isiyobanduka. Hizi mpya za miaka ya hamsini alizidharau: karatasi nyepesi, rangi kama uji. Alizunguka vijiji vya Ifakara akibadilishana, lete Barbara, chukua Petro, na watu wakamcheka: mgane mzima anacheza na picha kama mtoto wa mafundisho.

Hawakujua anachotafuta. Mkewe Tekla alipofariki, alilazwa na picha ya somo wake, Mtakatifu Tekla, kifuani. Katekista Pantaleo akaiondoa mbele ya waombolezaji. Marehemu, alisema, hakuungama Pasaka ile. Akaondoka nayo, na haikuonekana tena. Tangu hapo Hilari hakukanyaga kanisani, na kila mwenye cheo, katekista au jumbe, kwake alikuwa mwizi tu aliyepewa ruhusa. Alitaka apate Tekla mwingine wa zamani, amfukie kaburini kwa mkewe kwa mkono wake mwenyewe, basi.

Akampata kijiji cha Michenga, kwa bibi mmoja aitwaye Digna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe yule mchuuzi wa watakatifu?"

"Sichuuzi, mama. Nabadilisha tu. Nipe huyo Tekla, nikupe Yosefu wawili."

"Yosefu wawili wa nini, baba? Maria mwenyewe alitosheka na mmoja." Akaifungua picha kutoka pindo la kanga: Tekla amesimama, simba amelala miguuni pake. "Huyu nitazikwa naye. Nilijua katekisimu yote, padre akanizawadia. Hakuwa na picha ya Digna, akasema basi Tekla atanipokea."

Hilari aliitazama ile dhahabu, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Katekista Pantaleo ametangaza, mama. Picha za zamani baraka zake zimekwisha, zirudishwe. Atakayezikwa nayo hatasomewa sala."

Alingoja abishiwe. Digna aliifuta picha kwa kanga, akaibusu, akaitoa kwa mikono miwili.

"Mwambie anisamehe. Sikujua."

Jioni ile Hilari alipiga magoti kaburini kwa mkewe, akachimba kidogo kwa kisu. Picha ilikuwa na weusi ukingoni, mahali ambapo kidole gumba cha yule bibi kilikuwa kikishika miaka yote. Akajaribu kuiweka. Kila aliponyoosha mkono, aliona mkono wa Pantaleo. Akafukia shimo tupu.

Asubuhi akarudi Michenga. Njia nzima alijiambia: nitasema nilimdanganya. Lakini Digna alipotokea mlangoni, ulimi ukamgeuka.

"Pantaleo amebadili neno, mama. Wazee wabaki na zao." Akamrudishia picha yake.

Digna akacheka mpaka akakaa chini. "Nilijua yule kijana ana huruma." Akaingia ndani, akatoka na fungu la perege wakavu. "Mpelekee. Mwambie nitamwombea kila siku mpaka nife."

Hilari alitembea na samaki wale kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwizi. Alifikiri kuwatupa kwenye majaruba ya mpunga. Alifikiri kuwala. Lakini sala za bibi yule zingemwendea Pantaleo kila siku, na yeye Hilari angekuwa anajua zimetokana na uongo wake.

Pantaleo, mvi kichwa kizima, alikuwa uani akishona jamvi.

"Hilari. Leo umepotea njia?"

"Mama Digna wa Michenga anakushukuru."

"Kwa lipi?"

Miaka yote Hilari alikuwa amemtunzia mtu huyu maneno makali. Aliyatafuta, hakuona hata moja linaloweza kutoka katika kinywa chake.

"Nilimnyang'anya picha yake ya kuzikwa nayo," akasema, macho kwenye samaki. "Nikasema umeagiza wewe. Leo nimemrudishia, nikasema ni wewe pia."

Sindano ikasimama.

"Akaamini kwamba ningemnyang'anya?"

"Papo hapo."

Pantaleo akaichomeka sindano kwenye jamvi. Hilari akawaweka perege kwenye ukingo wa jamvi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewagusa.