Mapazia ya Mwalimu Mkuu

Barua ya kamati ya shule ilisema kikao cha kujadili maslahi ya mtoto kitafanyika saa nne, ukumbi wa ghorofani, na mtoto mwenyewe ahudhurie. Fundi cherehani aliisoma mara mbili, akamtazama binti yake kwenye kiti cha magurudumu, kisha akazitazama ngazi kumi na nane za shule mbele yao.

"Mama, wameniita," alisema binti, ambaye kwa sababu ya mdomo wake nyumbani walimwita Wakili. "Hawakuandika nipae kwa mabawa."

"Tulia. Watashuka wenyewe."

Wanakamati wakashuka kweli, mwalimu mkuu nyuma kabisa, akijishika ukutani kwa sababu ya goti. Chumba pekee kilichokuwa wazi chini ni cha darasa la pili, maana watoto walikuwa uwanjani. Basi wajumbe watano wenye vitambi vyao wakajibana kwenye viti vya watoto wa miaka minane, magoti yakiwafika kidevuni.

Mwenyekiti akakohoa. Wakili amefaulu darasa la nne vizuri sana, hongera zake. Lakini darasa la tano liko juu. Kwa hiyo, kwa maslahi ya mtoto, kamati inaona ahamie shule ya bweni ya wenye ulemavu, safari ya siku nzima kwa basi.

"Huko kuna kila kitu," alisema.

"Mama yangu yupo?" Wakili akauliza.

Mwenyekiti akapekua karatasi zake kana kwamba jibu limo humo, kisha akamsukumia fundi fomu ya kusaini. Fundi hakuigusa. Yeye kipimo akishakichukua, hakimtoki kichwani.

"Mwalimu mkuu, goti linaendeleaje?"

"Linasumbua, mama, lakini tunajikongoja."

"Pole sana. Kabla halijaanza, ofisi yako ilikuwa wapi?"

"Juu," alijibu, kwa sauti ya mwanafunzi aliyesahau daftari.

"Juu, mkono wa kushoto. Yale mapazia ya kijani niliyashona mimi. Mwaka juzi, siku ya Jumanne, ukahamia chini kati ya mapumziko na chakula cha mchana. Nilikuja na futi yangu ya kupimia nikayapunguza shubiri moja, kwa kuwa madirisha ya chini ni mafupi. Sasa niambie, kikao cha maslahi ya goti kilikaa lini?"

Mjumbe mmoja akaangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Darasa si ofisi, mama," alisema mwalimu mkuu. "Hawa wa darasa la pili niwapeleke wapi?"

"Juu," alisema Wakili. "Si kila siku mnawafukuza kwenye ngazi? Wapeni ruhusa tu."

Mwalimu mkuu aliinuka ajibu, na kiti nacho kikainuka, kimemng'ang'ania makalioni. Fundi akaumauma midomo, akakishika kiti, akavuta mpaka kikaachia.

"Asante," mwalimu mkuu alinong'ona. Akamgeukia mwenyekiti. "Andika darasa la tano linashuka."

Mwenyekiti akafuta mistari mitatu, akaandika mmoja. Fundi akausoma. "Ongeza: leo, kabla ya chakula cha mchana."

"Leo?"

"Goti lilihama siku hiyo hiyo."

Saa sita kasorobo, darasa la pili lilikuwa linapanda ngazi kwa vifijo. Wajumbe wawili walikuwa wanashuka na dawati, jasho likiwatiririka, na Wakili yuko mlangoni anawaelekeza.

"Polepole, wazee wangu. Hilo liwekeni mbele, karibu na dirisha."

Fundi alikuwa ameshatoa futi. Dirisha lile halikuwa na pazia.