Meneja Asiye na Watu

Tangu Reginaldi apewe beji ya umeneja kwenye ghala moja huko Tonawanda, jimbo la New York, hatulii. Kanisani walimpigia vigelegele, lakini kazini ovataimu ikakatwa. Meneja, wakamwambia, halipwi saa za ziada.

"Kwani unamsimamia nani?" mkewe Delfina alifoka.

"Sina mtu. Nabeba maboksi kama zamani."

"Basi wamekuchezea! Sheria ya New York inaangalia kazi unayofanya, si cheo walichokubandika. Vaa koti, twende kwa mwanasheria ukaseme hivyo hivyo!"

Reginaldi akavaa koti, akalivua, akalivaa tena. Walipofika mlangoni simu ikaita. Alikuwa mama yake, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania.

"Meneja wangu, hujambo?"

Akamtazama Delfina, kisha beji.

"Sijambo, mama," akajibu, akarudi kuketi.